Kabla ya Kufomati

Taa ikizimika Likasi, huku Katanga nchini Kongo, hakuna fundi anayekimbilia Mwadingusha kubomoa bwawa. Anajua kwamba kati ya maji ya ziwa Tshangalele na balbu ya sebuleni kuna safari ndefu: maji huingia kwenye mabomba, hushuka zaidi ya mita 100 pale kwenye maporomoko ya Cornet ya mto Lufira, huzungusha turbini, turbini huzungusha jenereta, volti hupandishwa, nyaya husafirisha, volti hushushwa, ndipo mtaa upate mwanga. Kituo hicho kilichojengwa mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière kina mashine sita, na tangu ukarabati uliokamilika mwaka 2021 kinaweza kutoa megawati 78. Kila hatua ya safari hiyo ina kipimo chake. Mwenye kutafuta hitilafu husoma vipimo kimoja baada ya kingine, mpaka afike mahali ambapo upande huu kuna umeme na upande wa pili hakuna. Hapo ndipo anapofungua sanduku la vifaa.

Kompyuta ya nyumba hiyohiyo ikianza kuzimika ovyo, kukwama au kukataa intaneti, hekima hiyo husahaulika. Inabebwa kwapani hadi kibandani kwa fundi, na jibu linatolewa kabla swali halijaulizwa: ifomatiwe. Nusu siku inapita diski ikifutwa, Windows ikipandikizwa upya, programu zikirudishwa mojamoja na mega za intaneti zikiteketea kwa kupakua masasisho. Mwenye mashine anaondoka na kompyuta nyepesi isiyokumbuka chochote. Hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi, picha za harusi: vilivyonusurika ni vile tu ambavyo mtu alikumbuka kuvitaja. Kwa haki ya Mungu, dawa hiyo huponya mara nyingine, kwa kuwa programu iliyoharibika ikifutwa pamoja na kila kitu, ubovu wake unaondoka nao. Lakini diski inayokufa haiponi kwa kufutwa, wala feni iliyojaa vumbi, wala umeme unaokatika mara tano kwa siku. Kwa magonjwa hayo kufomati huleta nafuu ya muda, kisha mashine inarudi kibandani na mwenyewe analipa tena. Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Windows na Linux huandika saa hadi saa mambo yanayozipata. Anayefomati anachoma daftari hilo kabla ya kulisoma.

Ninachodai ni kidogo: usifute kabla ya kuuliza, na mahali pa kuulizia ni lile dirisha jeusi la amri ambalo watu wengi hulikimbia. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo yake, andika cmd, gonga Enter. Kwenye Linux fungua terminali. Anayedhani kwamba dirisha hilo ni mabaki ya zamani, akumbuke Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikabaki na skrini ya bluu zisiweze kuwaka. Viwanja vya ndege, benki na hospitali katika mabara kadhaa vilikwama. Dawa ilikuwa nini? Kuwasha mashine katika hali ya uokoaji, kuingia kwenye folda moja kwa kutumia dirisha la amri, na kufuta faili ambayo jina lake lilianza na C-00000291. Mstari mmoja au miwili, kisha mashine inawaka na kila kitu chake kipo. Aliyefomati siku ile alipoteza vyake kwa sababu ya faili moja. Somo la pembeni: wale ambao diski zao zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na hawakuwa wameandika ufunguo wake popote, walisumbuka kuliko wengine. Kama diski yako imefungwa, uandike ufunguo huo kwenye karatasi leo.

Kwa wasomaji wa Katanga dirisha la amri lina faida nyingine ambayo vitabu vya kompyuta havina haja ya kuitaja. Kompyuta nyingi za Likasi na Lubumbashi zina menyu za Kifaransa. Za Nairobi, Arusha na Kampala zina za Kiingereza. Ushauri wa kubofya hapa kisha pale, ukitoka Nairobi, hufika Likasi ukiwa umepoteza nusu ya maana, maana kitufe kina jina lingine, na pengine katika toleo lako kimehamishwa. Amri haina shida hiyo. ipconfig ni ipconfig Mombasa, Kolwezi na Muscat. Inaweza kuandikwa kwenye ujumbe mfupi wa simu, kusomwa kwa sauti herufi kwa herufi, au kunakiliwa kwenye daftari la shule na kutumika miaka kumi baadaye. Picha ya skrini hula mega. Amri ni maneno machache. Majibu, ndiyo, yatakuja kwa Kifaransa: utaona Passerelle par défaut mahali ambapo mwenzako wa Dodoma anaona Default Gateway kwa Kiingereza. Lakini namba zilizo mbele yake ni zilezile, na namba ndizo unazozitaka.

Kikwazo halisi kiko kwenye kibodi. Kwenye AZERTY ya Kifaransa mkwaju wa kawaida, yaani /, hupatikana kwa kushika kitufe cha herufi kubwa pamoja na nuktapacha. Mkwaju wa kinyume, \, ni AltGr na 8. Mstari wima, |, ni AltGr na 6. Kibodi za Ubelgiji, ambazo bado zinazunguka huku kwetu pamoja na kompyuta za mitumba, zina mpangilio wake. Na mashine ikiwa katika hali ya uokoaji inaweza kuamini kwamba kibodi yako ni QWERTY, hivyo ukigonga A inaandika Q. Mtu akikwama hapo hudhani kwamba amri ni mbaya au mashine imeharibika zaidi, kumbe ni herufi tu. Angalia kilichoandikwa kwenye skrini kabla ya kugonga Enter.

Sasa tuanze na umeme, kwa sababu ndio mshukiwa wa kwanza katika mji wowote wenye mgao, ule ambao Likasi huitwa délestage. Malalamiko ya kawaida ni kwamba kompyuta inajizima. Swali linalopaswa kuulizwa ni: inajizima saa ngapi? Windows ikiwaka na kugundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu, huandika tukio lenye namba 41. Unaweza kuomba matukio kumi ya mwisho ya aina hiyo hivi:

wevtutil qe System /q:"*[System[(EventID=41)]]" /c:10 /rd:true /f:text

Zitatoka tarehe na saa. Kumbuka kwamba saa inayoandikwa ni ya kuwaka tena, si ya kuzimika. Ziweke kando ya saa ambazo mtaa ulikosa umeme. Zikilingana zote, kompyuta yako ni nzima, na fedha ya kufomati ingefaa kununua betri mpya au UPS. Kama baadhi zimetokea wakati umeme upo na taa za jirani zinawaka, shuku kitu kilicho ndani ya boksi: kifaa cha kugawa umeme, betri iliyochoka, au joto. Zikija mchana wa jua kali au wakati wa kazi nzito, fungua, futa vumbi, sikiliza feni. Kwenye Linux andika last -x reboot shutdown, nawe utaona orodha ya kuwaka na kuzimwa. Kila kuwaka kusikotanguliwa na kuzimwa ni ushahidi wa kukatika ghafla. Katika dakika tano umetenganisha magonjwa matatu ambayo kibandani yangepewa sindano moja.

Umeme una mtoto wa pembeni ambaye huwadanganya hata wazoefu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, inayoweka saa hai mashine ikiwa haina umeme. Kompyuta ya mezani inayokatiwa umeme kila siku huimaliza mapema. Betri ikifa, kila ikiwashwa mashine hujiona iko mwaka wa zamani, na hapo tovuti zinaanza kukataa: kivinjari kinatangaza kwamba mawasiliano si salama, barua pepe haifunguki, programu zinasema leseni ina kasoro. Mwenye kompyuta anamlaumu mtoa huduma za intaneti au anatafuta kirusi. Tovuti za leo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2009 huona cheti ambacho hakijazaliwa, na inakikataa kwa haki kabisa. Andika date /t kwenye Windows, au date kwenye Linux, uone mashine inajidhania iko lini. Sahihisha tarehe kwa mkono kwanza, maana tofauti ikiwa kubwa mno Windows yenyewe inaweza kukataa kuisawazisha, kisha nunua betri. Kuibadilisha hakuhitaji ujuzi mkubwa, na bei ya betri hailingani kabisa na ya kupandikiza Windows upya.

Baada ya umeme, diski. Hapa naomba msomaji awe mwoga kuliko mahali pengine popote. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika, orodha ya mafaili inaweza kubaki nusu. Mifumo ya NTFS na ext4 huweka shajara ndogo ya kazi inayoendelea, hivyo mara nyingi hujirekebisha inapowaka. Ikishindwa, watu wenye bidii hukimbilia chkdsk C: /f, na mafundi wa Linux hukimbilia fsck. Zana hizo ni nzuri, ila hutengeneza kwa kuandika kwenye diski, na diski yenyewe ikiwa ndiyo inayokufa, kila kuandika ni kuisukuma kaburini. Uliza afya kwanza. Kwenye PowerShell ya Windows andika Get-PhysicalDisk uangalie safu ya afya. Kwenye Linux andika sudo smartctl -a /dev/sda, uangalie namba za Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba hizo zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, acha matengenezo, nakili vyako nje. Hali ikisomeka kuwa nzuri usilale usingizi mzito, kwani kuna diski zinazokufa zikiwa na cheti cha afya mkononi. Nakili kwanza, tengeneza baadaye. Na usianzishe fsck kwenye diski inayotumika, wala chkdsk /f wakati betri iko asilimia kumi na saa ya mgao imekaribia. Kukatiwa umeme katikati ya matengenezo ni kubaya kuliko ugonjwa ulioanza nao.

Kwenye intaneti ndipo mfano wa Mwadingusha unapotimia, maana huku nako kuna mnyororo wa vituo. Andika ipconfig upate namba ya ruta yako, ile iliyo mbele ya Passerelle par défaut. Andika ping na namba hiyo. Isipojibu, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta: waya, Wi-Fi, neno la siri, au ruta yenyewe imezimika. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje ya nyumba yako na nje ya mji wako. Isipojibu wakati ruta inajibu, nyumbani kwako hakuna kosa. Mpigie mtoa huduma au angalia kama mega zimekwisha. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, andika nslookup ikifuatiwa na jina la tovuti moja. Kazi yake ni kuuliza kama majina yanageuzwa kuwa namba. Yasipogeuzwa, ugonjwa ni wa kitabu cha majina, wala njia haina kosa, na kubadilisha seva ya majina kwenye mipangilio hutosha. Vituo vitatu, maswali matatu. Tahadhari moja tu: kuna mitandao inayozuia ping makusudi, kwa hiyo kimya cha kituo kimoja kikupe shaka, usikifanye hukumu, mpaka maswali mengine yakubaliane nacho.

Thamani ya utaratibu huu huonekana siku ambayo ubovu uko mbali kuliko fikra zako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka kwa takriban saa sita duniani kote, huku tovuti nyingine zikifunguka kama kawaida. Na Kongo yenyewe ilikatiwa intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikakaa karibu wiki tatu bila huduma. Katika kila tukio kati ya hayo, aliyerudisha simu yake kwenye hali ya kiwandani au kufomati kompyuta hakurudishiwa huduma aliyoikosa. Alipoteza mafaili na huduma vyote viwili. Aliyeuliza vituo vyake alijua ndani ya dakika moja kwamba kwake ni kuzima, kuweka kando na kungoja. Kujua kwamba hupaswi kufanya chochote nako ni ujuzi, na pengine ndio unaookoa zaidi.

Flashi ndiyo uwanja ambao kufomati kumeua kazi nyingi za watu bila sababu. Kila mwenye kuchapisha maandishi kwenye kibanda cha umma anaujua ugonjwa huu: unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo, au flashi inaonekana tupu ingawa inadai imejaa. Fundi anatikisa kichwa, anasema kirusi kimekula kila kitu, tufomati. Hakijala. Kirusi cha aina hiyo huficha folda zako kwa kuzibandika alama ya kufichwa na alama ya mali ya mfumo, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili ubofye na kukiamsha. Usibofye chochote. Andika dir /a E: ikiwa flashi yako imepewa herufi E, nawe utaona mafaili yamelala hapohapo. Kisha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Alama zinaondoka, folda zinajitokeza. Wakati mwingine utakuta zote zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Ifungue, zimo humo. Futa njia za mkato kwa del E:\*.lnk, nakili vyako kwenye mashine safi, na hapo, ukitaka, fomati flashi kwa moyo mkunjufu kwa kuwa haina tena kitu chako. Hakikisha herufi ni ya flashi. Ile amri ya attrib ikielekezwa kwenye C: itafunua mafaili ambayo Windows iliyaficha kwa sababu nzuri. Na kama kompyuta ya kibanda ndiyo yenye kirusi, flashi itaugua tena ukiichomeka tu. Ugonjwa hauko mfukoni mwako.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Atasema: unawapa watu wembe. Menyu humwuliza mtu mara mbili kama ana hakika. Dirisha jeusi hutii. Pingamizi hili ni la kweli, na ushahidi wake ni mzito. Ule mkasa wa WhatsApp wa Oktoba 2021 ulisababishwa na amri moja: wahandisi wa Facebook, kwa maelezo yao wenyewe, walituma amri ya kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, amri hiyo ikaukata wote, na zana iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. Tarehe 31 Januari 2017 msimamizi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta folda ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye ile inayotumika. Gigabaiti takriban 300 zikabaki 4.5, na njia tano za nakala walizozitegemea hazikuwasaidia. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wale walikuwa mabingwa wanaolipwa.

Jibu langu ni kwamba amri ziko za namna mbili, na hatari iko upande mmoja. Kuna amri zinazouliza na amri zinazobadilisha. ping, ipconfig, nslookup, dir, wevtutil yenye qe, last, df, smartctl -a, sfc /verifyonly: hizi zinasoma tu, na ukiziandika vibaya zitakurudishia kosa basi. Upande wa pili wako rm, del, format, diskpart, dd, fsck, attrib, sfc /scannow. Anayejifunza akae upande wa kwanza miezi kadhaa; atakuwa amejua mengi kabla hajagusa kitu. Akivuka, awe na kanuni za mwenye kushika wembe: andika kwanza ls au dir mahali pa rm au del uone ni mafaili gani yatakayoguswa, soma jina la mashine uliyomo kabla ya kugonga Enter, usibandike amri usiyoielewa, hata kama aliyekutumia ni mtu unayemheshimu, na usitumie haki za msimamizi pasipo sababu. Tena tulinganishe wembe na shoka. Kufomati nako ni amri, ndiyo kubwa na isiyorudi nyuma kuliko zote, na ndiyo tunayoikabidhi kwa mtu wa kwanza tunayemkuta kibandani.

Pingamizi la pili ni la tumbo. Fundi wa kibanda hulipwa kwa kazi inayoonekana. Akikwambia baada ya dakika kumi kwamba kompyuta ni nzima na tatizo ni betri ya saa, utaona aibu kumlipa sawasawa. Kwa hiyo anafomati. Sidhani kwamba mafundi hao ni wavivu au walaghai kwa jumla. Wanauza kile ambacho wateja wanakubali kukinunua. Basi mteja ndiye aanze kubadilika. Ukipeleka mashine, lipia uchunguzi kama unavyolipia kipimo cha malaria kabla ya dawa, na udai uambiwe kilichoonekana. Fundi akisema diski imekufa, mwombe akuonyeshe namba. Aliyezisoma ataziweka mbele yako. Asiyezisoma ataanza kuzungumza haraka. Wengine watasema maisha yao yako kwenye simu, si kwenye kompyuta. Kweli, na simu haitoi dirisha kirahisi, lakini utaratibu wa vituo ni uleule: je, simu nyingine kwenye Wi-Fi hiyohiyo inapata intaneti? Je, tovuti moja tu imekufa, au zote? Tarehe iko sahihi? Hifadhi imejaa?

Neno hilo la mwisho nawaachia hasa wasimamizi wa seva za shule, zahanati na maduka ya jumla, kwa maana seva inayogoma ghafla, bila kukatika umeme, mara nyingi imeshiba tu. Andika df -h kabla ya kitu kingine chochote, kisha df -i, kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi na bado ikakosa namba za kuandikia mafaili mapya. du -sh /var/log/* itakuonyesha nani amekula. Halafu hakikisheni mashine inakumbuka: Linux nyingine huweka kumbukumbu zake kwenye RAM tu, hivyo umeme ukikatika na ushahidi unakatika. Tengenezeni folda ya /var/log/journal, muiwashe upya huduma ya systemd-journald, na kuanzia hapo journalctl -b -1 -e itawaonyesha mistari ya mwisho kabla mashine haijazimika. Mkifanya kazi kwa ssh kutoka mbali, fungueni tmux kwanza, ili mtandao ukikatika kazi iendelee bila nyinyi. Mafaili makubwa yasafirishwe kwa rsync --partial, au yapakuliwe kwa wget -c, ili kilichokwisha kufika kisilipiwe tena. Nakala za akiba zijaribiwe kwa kurudisha faili moja kila mwezi. GitLab walikuwa na njia tano za kuhifadhi na hawakuwa wamejaribu kurudisha.

Na muwe na daftari la karatasi kando ya mashine. Tarehe, dalili, amri iliyoulizwa, jibu lililotoka, kilichofanyika. Halihitaji umeme, na atakayekuja baada yenu atalisoma hata siku seva yenyewe haiwaki. Kwa asiyejua aanzie wapi ukurasa wake wa kwanza: chkdsk C: ikiandikwa bila /f haitengenezi wala haifuti chochote kwenye diski. Inasoma tu, ingawa kwenye diski inayotumika inaweza kutaja kosa ambalo halipo. Fungua dirisha leo usiku kwa haki za msimamizi, maana bila hizo chkdsk hukataa, umeme ukiwepo, uandike hiyo.